Nyuso Zilizokwenda na Fomu

Kaka mtu aliahidi kuleta picha Jumatatu. Jumatatu ikapita. Akaahidi Jumatano, na Jumatano yenyewe akapiga simu kuuliza ni picha gani hasa zilizokuwa zikitakiwa, kana kwamba wiki mbili zote alizosumbuliwa alikuwa akiimbiwa nyimbo za kubembelezea watoto. Alhamisi ndipo akatokea, mkononi mfuko wa plastiki, akautua juu ya meza na kuvuta kiti akisubiri chai. Ndani ya mfuko mlikuwa na albamu moja tu. Tena ilikuwa ile ya kurasa zenye gundi na nailoni juu yake, ambayo Bi Gundi, mdogo wake, angepewa mamlaka siku moja tu angepiga marufuku isiuzwe popote.

"Umezibandika humu?" akauliza.

"Zilikuwa zinapeperuka ovyo. Nikaona nizihifadhi."

Jibu lililomjia Bi Gundi halikuwa la kumpa mtu aliyemtangulia kuzaliwa. Yeye alikuwa mjalidi. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye karakana ya kujalidi vitabu, akishona rejista za shule na madaftari makubwa ya maofisini, akipika gundi ya unga na kutia shabu kidogo ili mende wasiile. Jina la Bi Gundi alilipata huko, likamfuata mpaka nyumbani, na sasa hata watoto wa jirani hawakujua kama ana lingine. Kaka yake walimwita Mwenyekiti kwa sababu hapakuwahi kuwa na kikao cha familia ambacho hakukiongoza, wala azimio la kikao ambalo aliwahi kulitekeleza.

Alichukua uzi mwembamba wa kushonea vitabu, akauzungusha vidoleni, akaanza kuupitisha nyuma ya picha ya kwanza, taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayekata sabuni. Gundi za albamu zile huuma. Ukivuta kwa papara, karatasi inakuja mkononi na sura inabaki ukurasani. Mwenyekiti alimtazama, akanywa chai, akasema kazi ile inahitaji subira. Bi Gundi akaendelea kusogeza uzi na kuuma meno.

Albamu aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa ya mpwa wao, mtoto wa marehemu dada yao mkubwa. Dada alifariki mtoto ana miezi minane, na baba wa mtoto alikuwa ameshatoweka kabla hata jino la kwanza halijaota. Bi Gundi, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alimchukua yule mtoto akiwa amefungwa kwenye kanga mbili, akamlea. Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na sita, nesi kamili, amepata kazi nchi ya mbali na ndege yake ilikuwa Jumapili ya wiki inayofuata. Alipoulizwa anataka kuondoka na nini, hakutaja sanduku wala koti. Alitaka albamu ya familia, na ukurasa wa kwanza uwe na uso wa mama yake.

"Tangu nizaliwe naambiwa nimefanana naye," alisema. "Nimechoka kufananishwa na mtu ambaye sijawahi kumwona."

Na kweli hakuwahi kumwona. Alipokuwa mdogo na kuanza kuuliza, Bi Gundi alimwambia paa lilivuja mwaka fulani, sanduku la picha likalowa, zikaharibika zote zenye mama yake. Lilikuwa jibu la kumnyamazisha mtoto wa miaka sita. Binti aliliamini akiwa na miaka sita, akaendelea kuliamini, na kila mwaka uliopita Bi Gundi aliona ugumu zaidi kulifuta.

Paa halikuvuja. Picha zilikuwepo, kumi na moja, kwenye bahasha ya kaki chini ya droo ya nguo. Katika zote kumi na moja dada alikuwepo pia, amesimama wima, amevaa, amepanga mikono. Kilichokosekana ni kichwa. Mahali pa kichwa palikuwa na tundu la mraba, kingo zimenyooka utadhani zimekatwa na mashine.

Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu baba yao, au tuseme ilikuwa akili ya baba na mkono wa mtu mwingine. Mzee alikuwa karani na aliziheshimu fomu kama watu wengine wanavyowaheshimu wakwe. Fomu zilitaka picha. Studio ilikuwa mbali, na kwa desturi ya nyumba ile kila fomu ilikumbukwa jioni ya mwisho, kesho yake ndiyo siku ya kuirudisha. Basi mzee angeshusha picha ya familia iliyokuwa karibu, akaitazama, akasema fomu inataka uso na haikuandika uso utoke wapi. Kisha angemwita binti yake mdogo, mwenye miaka kumi na miwili, kwa kuwa ndiye peke yake mkono wake haukutetemeka. Angempa rula na wembe.

Bi Gundi alikata. Alikata vizuri mno. Baba aliwaonyesha wageni vile vipande, anawageuzia pembe waone zilivyo sawasawa, na mtoto alijikaza asitabasamu kwa fahari. Kazi ya kujalidi aliipata kwa mikono hiyohiyo. Kaka alikatwa mara mbili tu. Bi Gundi mwenyewe hakukumbuka kukatwa, maana hakuwa mtu wa kuomba kitu. Lakini dada aliomba kila kilichokuwa na fomu: shule ya sekondari, shule ya bweni, chuo cha kupiga chapa, maktaba, chama cha wafanyakazi, kazi ya kwanza, kazi ya pili. Mpiga picha alikuwa wa kupita, anapitia mtaani mara moja kwa mwaka. Kila alipopita walijipanga, na kabla hajarudi mwaka unaofuata kichwa cha dada kilikuwa kimeshakwenda ofisini. Mwaka aliokufa, mpiga picha hakupita, na picha za albamu ya Mwenyekiti zote zilikuwa za miaka ya baadaye.

Hili Bi Gundi alikuwa hajamwambia binti. Alikusudia kupata uso kwanza, aubandike ukurasa wa kwanza, na habari ya wembe aizike palepale. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi alivaa viatu vya kufungwa, akaanza kuzifuata nyuso zilikokwenda.

Shuleni mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akamfungulia stoo mwenyewe. Majalada ya miaka ile yalikuwa rafu ya chini. Mwalimu alivuta moja, likamomonyoka mkononi. Mchwa walikula karatasi yote, wakabakiza vibanio vya chuma. Walisimama wote wawili wakitazama vile vibanio. Bi Gundi alijua namna ya kulitibu jalada lililochanika na lililolowa, hata lililoliwa na panya, lakini lile lilikuwa vumbi. Chuo cha kupiga chapa ndicho kibaya zaidi, kwani jengo lilikuwa sasa duka la rangi na vigae, na mlinzi alimwambia kwa uhakika kabisa kwamba pale hapajawahi kuwa na chuo chochote. Bi Gundi alimwonyesha dirisha ambalo dada yake alikuwa akikaa karibu nalo. Mlinzi akasema hapo ndipo panapowekwa vigae vya vyooni.

Ikabaki idara ambako dada alifanya kazi mara ya mwisho. Jumatatu alifika masjala, chumba cha chini chenye harufu ya karatasi za siku nyingi, ambako mtunza majalada alikaa nyuma ya dirisha dogo, amevaa sweta kwenye joto lile. Mtu huyo alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtia Bi Gundi wazimu. Alisema majalada ya marehemu hayatupwi, lake lazima lipo. Alichotakiwa kufanya, mtunza akaendelea, ni kuandika barua ya maombi. Jumanne alileta barua. Mtunza aliisoma yote, akasifu mwandiko, akasema imekosa muhuri wa serikali ya mtaa. Jumatano alileta barua yenye muhuri. Mtunza akaipokea, akaipachika kwenye faili, akamtolea fomu.

Bi Gundi aliisoma akiwa amesimama. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na kisanduku kimechorwa, na ndani ya kisanduku yameandikwa maneno: bandika picha hapa.

"Nimefuata picha," alisema, "na wewe unanidai picha."

"Ni utaratibu tu, mama. Studio iko hapo nje."

Alitamani kumweleza mtu yule kwamba visanduku vya namna hiyo ndivyo vilivyoikatakata familia yake. Lakini sura ya mtunza ilikuwa ya mtu ambaye amesikia habari nyingi pale dirishani na hakuna hata moja iliyobadilisha utaratibu. Akaikunja fomu. Studio ilikuwa imefungwa kwa kuwa umeme ulikatika. Alhamisi umeme ulirudi, akapigwa picha, akaikata mwenyewe pembe nne kwa rula kwa kuwa aliona za studio zimepinda, akaibandika, akarudi masjala. Dirisha lilikuwa na kufuli. Mtunza ameanza likizo, ufunguo anao yeye, atarudi baada ya siku ishirini na moja.

Aliketi kwenye benchi la ukumbini mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu. Alikuwa amechoka hoi, na hasira zake hazikuwa na pa kwenda. Angewalaumu mchwa? Angemlaumu baba yake aliyelala kaburini? Kila alipotafuta wa kumlaumu alikutana na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshika wembe vizuri, na huyo alikuwa akimfahamu kuliko wote.

Ndipo, kwa uchungu wa mtu anayemeza dawa, akampigia kaka yake. Mwenyekiti alisikiliza, akasema kwa nini hakuambiwa mapema, mbona ana mtu pale. Mwenyekiti alikuwa na mtu kila mahali. Kwa kawaida mtu wake huwa amestaafu au amehama, lakini safari hii alikuwepo kweli, na alikuwa na ufunguo wa akiba. Ijumaa saa sita mchana simu ya Bi Gundi ililia.

"Kazi imekwisha," alisema Mwenyekiti. "Jalada limepatikana, jina lake hilo hapo, na picha ipo. Imepigwa muhuri kidogo kidevuni lakini uso wote unaonekana. Nimeipiga kwa simu, nimeshamtumia mtoto. Amelia, dada. Amelia mpaka nami nikalia."

Bi Gundi alikasirika kidogo kwamba mtoto alitumiwa kabla ya yeye kuiona, tena simu yake ilikuwa ile ya vitufe isiyopokea picha. Lakini furaha ilimshinda. Alikata karatasi nyeusi ya ukurasa wa kwanza, akatengeneza vipembe vinne vya kushikia picha, akavipima mara mbili. Akaacha katikati nafasi. Kila alipopita mezani mchana ule aliitazama ile nafasi na kumshukuru kaka yake kimoyomoyo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi.

Jumamosi saa nne binti alifika kutoka nyumba za wauguzi, mizigo yake yote ikiwa kwenye masanduku mawili. Mwenyekiti alikuja naye, maana alitaka kuwepo penye ushindi wake. Binti hakusalimia vizuri hata. Alitoa bahasha ya studio aliyokuwa ameibana chini ya kwapa. Picha alikuwa ameshaikuza na kuisafisha.

"Shikamoo Mama Mdogo. Ona. Mwone."

Bi Gundi aliipokea kwa mikono miwili.

Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na miwili, nywele amezirudisha nyuma, anatazama mbele bila kucheka. Tao la muhuri lilipita kidevuni. Shingoni palionekana kola, na kwenye kola vifungo viwili, kimoja cheupe na kimoja cha rangi nyingine. Kile cha rangi nyingine Bi Gundi alikishona mwenyewe, siku kile cha mwanzo kilipopotea karakanani. Hata bila kifungo angejua. Mtu hawezi kuukosea uso wake mwenyewe, hata kama aliuacha nyuma miaka mingi kiasi hicho.

Siku ile ikamrudia yote, siku ambayo alikuwa ameisahau kabisa. Ofisi ya dada ilitaka picha mbili, moja ya kitambulisho cha kazi na moja ya jalada. Ya kitambulisho ilikuwa imekatwa kwenye picha ya kumi na moja, na baada ya hapo nyuso za dada zilikuwa zimekwisha nyumba nzima. Baba aliwatazama mabinti zake wawili, mmoja baada ya mwingine, akasema mnafanana, ofisi itajuaje, kata yako. Akakata yake, kwenye picha pekee aliyopigwa peke yake, amesimama mlangoni pa karakana. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema akifukuzwa kazi watakuwa wamefukuzwa wote wawili.

Binti alikuwa akizungumza. Alikuwa akionyesha kwa kidole bila kugusa. "Ona paji la uso. Ona hapa kwenye nyusi. Kumbe walikuwa hawanidanganyi." Machozi yalimtoka bila yeye kuyajali. "Nilikaa mbele ya kioo jana, nikaishika hivi. Ni mimi kabisa."

Bi Gundi alisema anakwenda kutazama gundi jikoni, akamwita kaka yake amsaidie kubeba sufuria. Gundi ya sufuria moja haihitaji watu wawili, lakini Mwenyekiti aliufahamu ule mwito tangu utotoni, akafuata. Alimwambia kwa sauti ya chini. Kaka alikataa kwanza. Kisha akaichukua picha, akaitazama, akamtazama dada yake, akairudia picha, na mabega yakamshuka.

"Kitambulisho chake hakikuwemo humo jaladani?" Bi Gundi akauliza.

"Hakikuwemo. Kuna alama ya pini tu." Mwenyekiti akamrudishia picha. "Sikiliza. Anayejua ni nani? Mimi na wewe. Mnafanana, kila mtu anasema. Ofisi ilikubali, mtoto amekubali. Kesho anapanda ndege. Wewe unataka apande akiwa na nini?"

Kilichomkera Bi Gundi si kwamba kaka yake amesema ujinga. Kilichomkera ni kwamba alikuwa amesema neno kwa neno yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshajiambia, tangu alipokiona kile kifungo. Alimwambia aondoke mlangoni, anamzibia mwanga.

Alirudi mezani na sufuria ya gundi. Binti alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti, anasubiri kama anavyosubiri mtoto. Bi Gundi alipaka gundi nyuma ya vipembe, akavipachika vinne. Akachukua picha, akaishusha juu ya ile nafasi, akaingiza pembe ya kwanza, akaingiza ya pili. Ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri mno, na hapo ndipo alipoona kwamba alikuwa anamkata tena dada yake. Mara kumi na moja alimkata uso tu. Hii ya kumi na mbili alikuwa anamkata wote, anajibandika yeye.

Akaichomoa picha.

"Huyu si mama yako," alisema. "Huyu ni mimi."

Binti alicheka kidogo, akidhani ni utani wa namna ya Bi Gundi. Halafu akamtazama mjomba wake. Mwenyekiti alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu. Kicheko kikamtoka usoni binti kidogo kidogo, na Bi Gundi akamweleza yote, habari ya picha mbili, ya kifungo, na ya baba aliyesema ofisi itajuaje. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, gundi ilikuwa imeanza kuganda sufuriani.

"Ungenyamaza tu," binti alisema.

Bi Gundi akaifunika sufuria.

"Ningeondoka kesho nimeridhika. Siku moja tu nimekuwa na mama mwenye uso, siku moja, umeshindwa kuniachia. Ingekugharimu nini kunyamaza?"

"Miaka ingekwenda," alisema Bi Gundi. "Ungezeeka. Kila ukijitazama kwenye kioo ungekuwa unamtafuta yeye, kumbe unanipata mimi. Ungemlilia mtu ambaye bado yuko hai, tena uliyekuwa ukigombana naye kwa kutoosha vyombo."

Binti hakucheka. Alifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayefuta ubao. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kikazi, ile ya wodini, na iliumiza zaidi kuliko kilio.

"Na zile zilizolowa?"

"Hazikulowa."

Bi Gundi aliingia chumbani, akavuta droo ya nguo, akarudi na bahasha ya kaki. Alizitandaza picha mezani moja moja, kumi na moja, kwa mpangilio wa miaka, kama alivyozoea kupanga kurasa kabla ya kuzishona. Mwenyekiti alisema anakwenda kuangalia kama teksi ya kesho imethibitishwa. Hakuna aliyemsikia akitoka.

Binti aliziinamia kwa muda mrefu. Pale penye matundu ulionekana ubao wa meza. Msichana wa sare ya shule, soksi moja imeshuka. Msichana yuleyule mrefu zaidi, ameshika kitabu mbele ya tumbo kwa mikono yote miwili. Mwanamke wa gauni la mistari, ameegemea mlango, mguu mmoja mbele ya mwingine. Binti alitazama mikono hiyo, akatazama viatu. Alinyanyua ya mwisho. Mwanamke alikuwa amevaa gauni pana, kiganja amekiweka ubavuni, mgongo umerudi nyuma kidogo.

"Hapa?"

"Hapo ulikuwa tumboni. Mwezi wa saba."

Binti aliisogeza karibu na macho, mpaka pumzi yake ikaigusa. "Na uso?"

"Ulikwenda wiki hiyohiyo. Ndiyo hiyo ya kitambulisho cha kazi."

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Na hizi nyingine?"

"Mimi. Baba ndiye aliyesema, lakini wembe nilishika mimi. Zote. Nilikuwa naona fahari." Akainyoosha picha moja iliyopinda. "Nilikata vizuri ndiyo maana nilipewa kila mara. Ningekuwa na mkono mbaya mama yako angekuwepo."

Alisubiri apigiwe kelele. Alizitaka zile kelele. Alikuwa amekaa nazo moyoni kwa miaka ishirini na sita akijipigia mwenyewe, na angefurahi mtu mwingine ashike zamu. Lakini binti aliivuta albamu, akaifungua ukurasa wa kwanza, pale penye vipembe vinne vitupu, akaisukuma mpaka mbele ya Bi Gundi.

"Bandika," alisema.

"Zipi?"

"Hizo. Zote kumi na moja. Na chini ya kila moja uandike uso ulikwenda wapi, na nani aliyekata."

Bi Gundi alitazama kazi ya mikono yake ya wiki tatu, karatasi nyeusi zilizokatwa sawasawa, bila doa. Alikuwa amejulikana karakana nzima kwa mwandiko wake wa kwenye majalada. Alitaka kusema kwamba albamu ile itafunguliwa huko ugenini mbele ya watu, kwamba watu watauliza. Alimtazama binti, akaona kwamba hilo analijua.

"Na yangu?"

"Yako iweke nyuma. Uandike ni wewe."

Bi Gundi akaking'oa kipembe kimoja na kukisogeza, kwa kuwa picha ya sare ya shule ilikuwa ndogo kuliko nafasi aliyoipima. Akaiingiza. Akachonga penseli nyeupe, akavuta mstari mwembamba kwa rula, akaandika chini yake: Uso umekwenda na fomu ya sekondari. Nimekata mimi.

Binti akasoma, akampa ya pili.